Fundo la Ndama na Pimbi wa Handakini

Vijana wangu, mkinikuta Katesh siku ya mnada nimesimama kando ya barabara ya Singida nikiwatazama wale wanaofukia nyaya za mawasiliano, msidhani mzee amepotea njia ya kurudi Tumati. Natazama kazi. Mtu aliyetandaza waya wa simu jeshini tangu ujana mpaka kustaafu hawezi kupita mtaro wenye waya ndani bila kuinama kidogo. Hivi karibuni niliinama mno, na msimamizi wao, kijana wa Masakta, akaja mbio.

"Shikamoo babu. Umedondosha kitu?"

"Marahaba. Sijadondosha. Naona waya wenu mmeukaza kama kamba ya kuanikia nguo. Pale kwenye kona mngeacha ulegee."

Akacheka, akaenda kutazama ile kona, akarudi hacheki tena. Nilipomwambia kwamba nilikuwa fundi wa nyaya wakati wa vita vya Kagera, akawaita wenzake, tukakaa kwenye kivuli cha lori lao. Walinionyesha waya wa siku hizi, ambao ndani yake ni kioo chembamba kama unywele na kinachopita humo ni mwanga. Niliushika kwa heshima. Kisha wakataka hadithi za vita. Vijana wote hutaka vita.

"Babu, uliua wangapi?"

Huwa najibu kwamba kitu nilichoshika zaidi vitani kilikuwa koleo la kukatia waya. Siku hiyo nikaongeza kwamba mnyama mmoja mdogo ndiye aliyenifanya niijue kazi yangu, kuliko kozi zote nilizopelekwa baadaye. Nikawasimulia, na yule wa Masakta akasema niiandike. Basi naandika, kwa ajili yao na kwa ajili yenu mnaoingia kazi yoyote yenye fundo, nati au skrubu ambayo hakuna mtu atakayeigusa baada yenu.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa hamtaona kosa langu lilikuwa wapi.

Simu ya vitani wakati ule ilikuwa kisanduku chenye mkono wa kuzungusha ubavuni. Ukizungusha huku, kengele inalia kule. Kati ya huku na kule kuna waya, na waya haujitandazi. Watu wawili hubeba gurudumu la waya. Wa mbele anatembea na gurudumu linazunguka, wa nyuma anaufunga waya kwenye miti, anaufukia penye njia za watu, anaupandisha juu penye barabara. Mkimaliza, mwangalizi aliye kilimani anaweza kumwambia kamanda aliye bondeni kile anachokiona. Waya ukikatika, yule wa juu anabaki na macho bila mdomo.

Aliyenifundisha ni Sajenti Haule, mtu wa Ludewa, mwembamba, mpole wa sauti. Hakuwahi kunitukana hata siku moja, na hilo jeshini lilinitia hofu kuliko matusi. Alikuwa na mambo yake machache aliyoyarudia kila siku. Waya uachwe ulegee, kwa sababu miti hutikiswa na upepo. Penye barabara, pita juu kabisa au chini kabisa. Na ukijaribu simu, usiseme haloo.

"Ukisema haloo utajibiwa haloo," alikuwa akituambia, "na mtaagana hamjui kama mmesikilizana. Sema unachokiona."

Siku yangu ya kwanza nilizungusha mkono, nikasikia sauti yake, akaniuliza naona nini.

"Nakuona wewe, afande. Umeegemea mti."

Tulikuwa hatujatandaza hata hatua hamsini.

"Basi simu inafanya kazi," akasema. "Na macho yako pia."

Sasa kuhusu fundo. Wengi wenu mmezaliwa kwenye nyumba za bati na zizi liko nje. Sisi tulilala na mifugo ndani. Nyumba ya baba yangu hapa Tumati ilikuwa na upande wa watu na upande wa ng'ombe, na ndama walifungwa hatua mbili kutoka mahali nilipolala. Kila ndama alifungwa kwa fundo ambalo ukivuta ncha yake fupi linafunguka lote kwa mara moja. Sababu ya kwanza ilikuwa moto. Nyasi za paa zikishika, huna muda wa kuhangaika na kamba. Unapita unavuta, unavuta, na ndama wote wako huru. Sababu ya pili ni baridi ya huku kwetu. Mwezi wa sita alfajiri vidole havikunjiki, na fundo gumu litakushinda. Nililijua fundo hilo kabla sijajua kusoma.

Jeshini tulifundishwa jingine, linalozunguka mti mara mbili na kujibana lenyewe. Ni zuri, lakini linachelewesha. Nilipokuwa nyuma ya gurudumu bila mtu wa kunitazama, mikono yangu ilifunga la ndama. Nilifunga na kuendelea. Siku ya kukusanya waya nilipita nikivuta ncha, na waya ukaanguka wenyewe. Kundi letu likawa la kwanza kumaliza kila mara. Luteni wetu, kijana msomi aliyependa kutazama saa yake, akanisifu mbele ya platuni nzima, nikapewa tepe moja ya lansi koplo.

Sajenti Haule aliniuliza, "Tluway, unafanyaje?"

"Ni mazoea tu, afande."

Sikusema uongo, ila sikusema yote.

Huyo mnyama nilimpata kwenye kazi hiyo hiyo. Tulikuwa kwenye vilima vya mawe upande wa Kagera, mizinga ilikuwa imepiga siku iliyotangulia, nami nilikuwa nikipitisha waya kati ya miamba. Chini ya jiwe lililopasuka nilikuta pimbi jike amekufa, na watoto wawili wamekufa ubavuni mwake. Wa tatu alikuwa amepanda juu ya mgongo wa mama yake, mdogo kama ngumi, macho wazi, ananitazama. Hakukimbia. Nilimtia ndani ya shati kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi, na nilipofika mwisho wa waya alikuwa amelala.

Pimbi mnamjua, miamba ya kwetu haikosi pimbi. Anafanana na sungura aliyenyimwa masikio. Lakini kuna mambo mawili ambayo mtu hayajui mpaka amfuge. La kwanza, mwili wake hautunzi joto vizuri. Ndiyo maana asubuhi mnawaona wamelaliana juu ya mawe wanaota jua kabla ya kwenda kula. Mtoto asiye na wa kulaliana naye hufa kwa baridi hata akiwa ameshiba. Kwa hiyo ikabidi alale kifuani mwangu, nami nikawa namlambisha maziwa ya mkebe kwa kidole. Mizinga ilipoanza kulia nilijifunza kupumua polepole kwa ajili yake, kwa sababu akiogopa alining'ata.

La pili, pimbi huchagua mahali pamoja pa kwenda haja, na akishachagua habadilishi. Wangu alichagua kofia ya chuma ya Sajenti Haule.

Sajenti aliihamisha. Pimbi akaitafuta, akaipata. Sajenti akaitundika juu kwenye gogo la handaki. Pimbi akapanda, maana nyayo zake ni laini na zinashika ukuta kama za mjusi. Siku ya tatu Sajenti akaja na sufuria iliyotoboka, akaiweka mbele yangu.

"Mweleze huyu mzee wako kwamba hii nayo ni ya chuma."

Ilichukua wiki nzima. Kila asubuhi nilihamisha mavi yake kidogo kutoka kwenye kofia nikayaweka kwenye sufuria, mpaka harufu yake ikawa huku zaidi ya kule, naye akahama mwenyewe. Mkitaka kumfundisha mnyama, jaribuni njia hiyo. Mkimfukuza tu, atarudi pale pale.

Nilimwita Ako, yaani babu kwa Kiiraqw, kwa sababu alikaa juani amekunja mikono kifuani na uso wa kijivu kama mzee aliyejifunika shuka anayesubiri uji. Baada ya muda mpishi wetu, ambaye aliwahi kufuga sungura, alimgeuza akamtazama vizuri.

"Babu yenu huyu ni bibi," akasema.

Lakini jina lilikuwa limeshakaa.

Mwenzangu wa gurudumu alikuwa Mashauri, fundi baiskeli wa Ukerewe, mtu wa maneno. Wageni wakija handakini kwetu aliwaambia, "Humu kuna pimbi wawili. Mmoja ana tepe." Alijidai hampendi Ako. Hata hivyo kila jioni alirudi na majani ya maharage mfukoni, bila kuombwa, akayatupa chini kana kwamba yamemdondoka kwa bahati mbaya.

Mara moja, mara moja tu, Ako alitafuna waya. Ulikuwa ule mfupi unaoingia kwenye simu ya Luteni. Jasho la mikono yetu lilikuwa limeacha chumvi juu yake, na pimbi anapenda chumvi. Nilibadilisha kile kipande kwa dakika chache, lakini Luteni alisema mbele ya watu, "Ikitokea tena, ataingia chunguni." Kila mtu aliyasikia maneno hayo, nami nikayasikia kuliko wote.

Sasa siku yenyewe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo upepo ulivuma sana. Asubuhi, kama saa mbili, waya wa kwenda kilima cha mwangalizi ukafa. Mashauri alikuwa juu pamoja na mwangalizi. Waliona magari ya adui yakisogea bonde la pili, wakazungusha mkono wa simu, kimya. Wakazungusha tena. Ikabidi Mashauri ashuke mbio kwa miguu, sehemu kubwa ikiwa uwanda ulio wazi. Ujumbe ulichelewa lakini ulifika, na watu wetu wa mbele wakahama kabla mabomu hayajaanguka pale walipokuwa. Mashauri mwenyewe alikuwa ameanguka kwenye mawe. Alisimama mbele ya Luteni ameushika mkono wake wa kulia kama kitu cha mtu mwingine. Ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiganja.

Luteni hakupaza sauti.

"Lile pimbi," akasema.

Hakuna aliyebisha. Nami sikubisha, kwa sababu hata mimi niliamini ni yeye. Asubuhi ile alikuwa ametoka na sikujua alikokwenda.

"Lansi Koplo Tluway. Nenda katengeneze waya. Ukirudi, wewe uliyemleta ndiye utakayemmaliza. Kabla ya chakula cha jioni."

"Ndiyo, afande."

Hitilafu ya waya hutafutwa kwa mkono. Unauacha waya upite kwenye kiganja huku unatembea, huukazi, na kidole kinakuambia penye mchubuko. Nilipita miamba yote, kila mahali ambapo Ako angeweza kufika, nikisali nisikute kitu na nikiogopa kutokukuta kitu, maana waya ulikuwa umekatika mahali fulani. Waya ulikuwa mzima. Nikaendelea kushuka mpaka barabarani.

Hapo nikauona. Waya ulikuwa chini, umeburutwa, na alama za matairi ya lori la chakula zimepita juu yake. Juu kwenye mti, mahali nilipoufunga, hapakuwa na kitu. Mti haukuvunjika, tawi halikuvunjika. Upepo ulikuwa umetikisa mti usiku kucha, tawi likavuta ile ncha fupi, na fundo likafanya kile ambacho liliumbwa kufanya. Lilifunguka lote kwa mara moja.

Mnaoingia kazi hii, jifunzeni kutazama ncha za waya. Waya uliotafunwa, mpira wake una alama za meno na umepondeka, na nyuzi za shaba zimekatika fupi, sawa na mpira. Waya uliovutwa na gari, mpira umerefuka na kuwa mwembamba, na nyuzi za shaba zimechomoza ndefu, kila moja imekonda mwishoni. Zangu zilikuwa ndefu.

Nilikaa chini kando ya barabara. Hapakuwa na mtu mwingine. Ukiunga waya unakata kwanza ncha mbovu, kwa hiyo zile ncha zingebaki mkononi mwangu. Kama ningezitupa porini, habari ingeishia pale. Tepe ingebaki kwenye shati, sifa zingebaki, Mashauri angeendelea kumlaani pimbi, na pimbi hana la kujibu.

Sitawadanganya kwamba nilikata shauri upesi. Niliunga waya. Nikaupandisha juu sana kwa fundo la jeshi, nikalizungusha mara tatu. Nikaunganisha simu, nikamwambia mwangalizi naona barabara na mti mmoja, akasema ananisikia vizuri. Kisha nikachukua koleo, nikakata zile nyuzi ndefu, nikabana mpira hapa na pale, nione kama zingefanana na kazi ya meno. Zilifanana. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo kuliko lile fundo.

Nikazitia mfukoni, nikarudi.

Mashauri alikuwa amekaa mlangoni mwa handaki, mkono umefungwa kwa ubao, anasubiri gari la wagonjwa. Ako alikuwa mbele yake. Kwa mkono wa kushoto Mashauri alikuwa akimpa majani ya maharage, jani moja moja.

"Nampa chakula chake cha mwisho," aliniambia. "Usinitazame hivyo. Mimi ndiye mwenye haki ya kumchukia hapa, na nimeshindwa. Utanilaumu?"

Nilimchukua Ako, nikamtia ndani ya shati kama siku zote, nikaenda kwa Luteni. Sajenti Haule alikuwepo.

Nikaziweka zile ncha mezani.

"Ni meno," akasema Luteni.

"Ni koleo langu, afande. Alama hizo nimeziweka mimi sasa hivi. Waya ulivutwa na lori. Ulikuwa umeanguka barabarani kwa sababu fundo lilifunguka, na fundo nililifunga mimi."

"Fundo gani?"

"La ndama, afande."

Luteni akamtazama Sajenti, Sajenti akanitazama mimi. Nikatoa kamba ya kiatu, nikaifunga kwenye mguu wa meza, nikampa Luteni ncha fupi. Akavuta. Kamba ikaanguka. Akaniambia nifunge tena. Akavuta tena.

"Ndiyo maana ulikuwa unamaliza mapema."

"Ndiyo, afande."

"Nikakusifu mbele ya watu."

"Ndiyo, afande."

"Yako mangapi mengine ya namna hii?"

"Yote niliyofunga, afande."

Akawa anaizungusha ile kamba ya kiatu kidoleni. Nilijua anawaza kuhusu watu wa mbele, wale waliohama dakika chache kabla ya mabomu. Mimi pia nilikuwa nawawaza hao.

"Sajenti, mvue tepe."

Sajenti Haule alitoa wembe, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja kwenye mkono wa shati langu, taratibu, asiharibu kitambaa. Ako akaanza kuhangaika ndani.

"Tulia mzee, nisikukate," Sajenti akamwambia kupitia shati.

Luteni alisikia. Akatazama kile kivimbe kilichokuwa kinatembea kifuani mwangu, akatazama zile ncha za waya mezani.

"Mnyama hafi kwa kosa la mtu," akasema. "Lakini tukiondoka kilima hiki, yeye habebwi. Huko mbele hatuendi kufuga. Mtafutie pa kubaki. Na kuanzia sasa hivi, fundo moja baada ya jingine, mpaka yaishe."

Nilirudi kwa Mashauri nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kwa hiyo nimevunjika mkono kwa ajili ya ndama wa Tumati."

"Ndiyo."

"Ndama wenyewe walikuwa wanono?"

"Wamekonda wote."

Akaanza kucheka, mkono ukamuuma, akatokwa na machozi. Aliponyamaza aliniambia nichukue karatasi nimwandikie mama yake, maana mkono wake wa kuandikia ndio huo uliofungwa. Nikauliza niandike nini. "Andika nimeanguka kwenye mawe," akasema. "Mawe yanatosha. Usijitie humo." Gari likaja likamchukua. Tulionana tena baada ya vita, mkono umeunga vizuri, ila aliniambia kwamba kwenye baridi humkumbusha jina langu.

Mafundo yale niliyarudia kwa siku mbili, mchana kutwa. Sajenti Haule alitembea nyuma yangu. Nilidhani amekuja kunilinda nisidanganye. Siku ya pili alizungumza.

"Nilikuuliza unafanyaje, ukaniambia mazoea. Nikaridhika. Lile halikuwa jibu, na mimi nililijua." Akavuta fundo nililokuwa nimemaliza, akaliona liko imara, akaendelea. "Mtu anayechelewa kila mtu anamkagua. Mkague anayewahi."

Maneno hayo niliyatumia maisha yangu yote ya kazi. Nilipokuwa mkufunzi, miaka mingi baadaye, redio zilikuwa tayari zimechukua sehemu kubwa ya kazi yetu, lakini waya uliendelea kufundishwa. Kila kundi la kuruta lilipofika niliwapa kila mmoja kamba nikawaambia wafunge fundo la kwao, lile ambalo mikono hulifunga bila kuuliza. Mmoja alifunga la kufungia magunia kwenye baiskeli, mwingine la mtumbwi, mwingine la kuezekea. Tukakaa chini, tukaliuliza kila fundo kazi yake ni nini. Hatukulidharau hata moja. La kwetu nililionyesha mwisho, nikawaeleza ndama na moto. Fundo lile halina kosa. Nenda leo kwenye nyumba yenye ndama ndani, utaliona bado linafanya kazi yake. Nililipeleka mahali ambapo kushika ndiyo kazi, na sikumwambia mtu. Kwa hiyo vijana, mkienda kazini na ujuzi wa nyumbani, nendeni nao, msiuonee haya. Uwekeni mezani siku ya kwanza, watu wauvute.

Mnataka kujua kuhusu Ako. Wale wa Katesh nao walinikatiza hapo hapo.

Tulikaa kwenye kilima kile wiki chache zaidi. Nilipata ukoo wa pimbi kwenye mwamba mkubwa, mwendo mfupi kutoka handakini. Siku ya kwanza nilimweka juu ya jiwe nikarudi nyuma. Wakubwa wawili wakamfukuza, akarudi mbio akaingia kwenye shati langu kupitia mkononi. Siku ya pili vivyo hivyo. Nikafikiri. Nikachukua mavi yake kutoka kwenye ile sufuria, nikaenda kuyamwaga mahali ambapo wao huendea haja, kidogo kila siku, wazoee harufu yake kabla ya kuzoea sura. Nadhani ilisaidia kuwa yeye ni jike na bado mdogo. Baada ya siku kadhaa hawakumfukuza, walimwacha tu akae pembeni peke yake. Kila asubuhi niliwahesabu wao peke yao, wakubwa kwa wadogo, kumi, na yeye kwenye jiwe lake. Nilipunguza maziwa. Niliacha kumwita. Jioni alirudi mwenyewe handakini, nami nikafungua kifungo, kwa sababu alikuwa na baridi.

Jioni moja hakurudi. Alfajiri yake amri ikaja tuondoke.

Sajenti Haule alinipa muda wa kupakia lori. Nikaenda mwambani na mkebe wa maziwa. Jua ndiyo kwanza lilikuwa likitoka, na pimbi wote walikuwa wamelaliana juu ya mwamba, mgongo juu ya mgongo, kijivu kitupu. Kwenye jiwe la pembeni hapakuwa na kitu. Nilisimama nikatafuta uso wake. Nikaita mara moja kwa sauti ndogo. Vichwa vitatu au vinne viliinuka vikanitazama, kisha vikalala tena. Niliwahesabu, nikarudia kuwahesabu, nikamimina maziwa chini ya mwamba.

Sajenti alikuwa amesimama nyuma ya lori, injini inaunguruma.

"Umemwona?"

"Sikumtambua, afande. Wamelaliana."

"Sasa?"

"Jana walikuwa kumi. Leo ni kumi na mmoja."

Aligeuka akatazama upande wa miamba, ingawa kutoka pale hakuna kilichoonekana. Kisha akapanda, akanyoosha mkono akanivuta juu. Nikakaa karibu na gurudumu la waya, nikafunga vifungo vya shati mpaka shingoni.